Daftari la Mama Kabiri

Selipher Kageha hakuwahi kuona theluji maishani mwake, na nalisema hilo mapema kwa sababu nyumba nzima pale Malaz, Riyadh, iliamini kwamba amekulia ndani yake. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Siku madam Hanadi alipotangaza mezani kwamba likizo ya Januari wataenda Kirgizistani, nchi ya milima huko mbele ya Uzbekistani, kisha akauliza kama kuna mtu anayejua baridi ya namna hiyo, Selipher aliyekuwa akimenya machungwa alidakia, "Mimi, madam. Kenya kuna mlima wa barafu." Mlima upo, sikatai. Lakini yeye ni mtu wa Vihiga, kwenye migomba na mawe na mvua ya alasiri, na mlima huo aliuona kwenye kalenda ya duka.

Nilipomuuliza jikoni kwa nini anawapiga watu chenga, hakucheka.

"Shemeji," akaniambia, "wakitaka mtu wa barafu, mimi ni wa barafu. Safari hiyo lazima niende."

Mimi naitwa Protus, dereva wa nyumba hiyo kwa mwaka wa saba sasa. Asubuhi nawapeleka watoto shule, halafu mume wa madam, tunayemwita baba Nawaf kwa heshima, kwenye bohari lake la matairi kule Al-Sulay, halafu madam popote moyo wake unapompeleka. Selipher aliniita shemeji kwa kuwa mke wangu ni Mmaragoli kama yeye. Mke wangu husema nina hasira za karibu, na sina la kujitetea. Mengi katika habari hii bado yananikera, na ninayekerwa naye zaidi ni mimi mwenyewe, kama mtakavyoona.

Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Januari ile alikuwa anamaliza wa tano. Si kwamba baba Nawaf ni mtu mbaya. Hampigi mtu, mshahara haucheleweshi, na chakula tulikula kile kile walichokula wao. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ukiwa na bosi katili, kila mtu anakuhurumia. Ukiwa na bosi mpole anayekuambia "utaenda baada ya Ramadhani", kisha "baada ya mitihani ya watoto", kisha "subiri mama apone", utamshtaki kwa nani? Pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la chuma chumbani kwa baba, na ruhusa ya kutoka nchini hutolewa na kafili, mwajiri aliyekudhamini, yaani yeye baba huyo huyo. Wale wanaoruka ukuta huandikwa kuwa wametoroka, na tunajua wanakoishia. Selipher hakutaka kufika nyumbani akitokea kizuizini.

Nyumbani alimwacha Maryann akiwa na miaka mitatu. Sasa mtoto ana minane, analelewa na nyanya yake mzaa mama, na siku hizi akipewa simu anasema "habari ya leo" kama anavyomsalimia mwalimu, kisha anairudisha. Baba yake alifariki zamani. Mwaka jana mdogo wa marehemu, Bonface, akaanza kudai mtoto wa ndugu yake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na mjane asiyeonekana kwa miaka mitano hana mdomo wa kubishana. Bonface alitoa muda mbele ya wazee. Alisema ikifika Februari na mama yake hajarudi, atamchukua ampeleke kwake Mombasa, na atakayetaka kumwona atamtafuta huko. Selipher alinichezea sauti hiyo kwenye simu yake nikiosha gari uani. Aliirudia mara tatu, ingawa mara ya kwanza nilikuwa nimesikia vizuri.

Kwa hiyo madam alipotaja Kirgizistani, wengine walisikia theluji. Selipher alisikia pasipoti.

Kwenye uwanja wa ndege kila mtu hushika pasipoti yake mwenyewe. Afisa hawezi kukugongea muhuri kwa kitabu kilicho mfukoni mwa bosi wako. Selipher alikuwa amesikia habari za wasichana waliosafirishwa na mabosi wao, wakapata pasipoti mkononi katika nchi isiyo na kafili, wakageuka na kwenda zao. Alikuwa ameupanga mpango wake vizuri kuliko madam alivyopanga wa kwake. Angekwenda. Angefanya kazi yake yote siku nane bila kumkosesha mtu chochote. Siku ya kurudi, kule Bishkek, baba akishawagawia pasipoti kwenye foleni, yeye angeomba kwenda msalani na asirudi. Saa mbili baadaye kulikuwa na ndege ya Istanbul, na kutoka Istanbul ya Nairobi. Kaka yake Zablon alikuwa tayari kumkatia tiketi.

"Nitamwacha mama kabiri akiwa na mwanawe na wajukuu wake," aliniambia. "Simwachi peke yake. Hata Mungu anaona simwachi peke yake."

Mama kabiri ndivyo sisi wafanyakazi tunavyomwita mama mzaa baba Nawaf, yaani bibi mkubwa wa nyumba. Ni mzaliwa wa Jeddah, mji wa kale wa Balad kabisa, mwanamke wa miaka sabini na sita mwenye ulimi mkali na moyo mbovu. Moyo ninaousema ni ule wa kifuani, uliochoka kusukuma damu, hata maji yakawa yanamjaa miguuni na kwenye mapafu. Selipher ndiye aliyemwogesha, akamvisha, akampa dawa. Na ndiye aliyeandika daftari.

Daftari hilo liliamuriwa na daktari wa Riyadh. Kila asubuhi kabla ya chai, mama kabiri anapanda mizani. Kisha anafungwa mashine ya presha. Kisha kidole chake kinabanwa na kile kidude kinachoonyesha hewa iliyomo kwenye damu. Namba tatu, zinaandikwa kwa kalamu. Uzito ukipanda kwa ghafla, maji yanarudi. Namba ya kidole ikishuka chini ya tisini na mbili, piga simu. Hakuna mwingine aliyezitazama namba hizo. Baba Nawaf aliuliza tu kila jioni, "Mama leo vipi?" na Selipher akajibu, na baba akalala kwa amani.

Baba Nawaf hasafiri bila mama yake, na Selipher alichukuliwa safari hiyo kwa sababu moja tu, nayo ni mama kabiri. Bibi akibaki, yeye anabaki. Bibi akienda, yeye anaenda. Hesabu hiyo hata mimi niliiona.

Maandalizi yakaanza mwezi wa kumi na mmoja, na Mungu anisamehe, yalikuwa na raha yake. Madam hajui Kiingereza cha kuandika, kwa hiyo simu ikawa kwa Selipher. Yeye ndiye aliyeandikiana na mwanamke mwenye nyumba ya wageni kule mlimani. Je, ngazi ni ngapi? Kiti cha magurudumu kinapita mlangoni? Maji ya moto hukatika? Nyama ni ya halali? Yule mama alijibu kwa kutuma picha za paka wake akiwa kwenye theluji, na watoto wakapiga mayowe. Nami nikazunguka Riyadh na madam tukitafuta makoti. Watoto walivaa suruali nene za theluji sebuleni, wakawasha kiyoyozi hadi mwisho, wakakaa wakitetemeka kwa makusudi. Mama kabiri alichagua koti la zambarau, akalivaa juu ya kanzu yake ya nyumbani na kukataa kulivua.

"Nilipokuwa mtoto, barafu Jeddah ilikuja kwa mkokoteni imefunikwa gunia," akatuambia. "Sasa nitaikanyaga kwa miguu. Yalla, nipeni na kofia."

Wiki ya pili ya Desemba daktari akasema atatoa barua ya kuruhusu safari, ila anataka kwanza kuona daftari la siku kumi na nne. Kama uzito umetulia na kidole kiko tisini na mbili kwenda juu, atatia sahihi. Isipokuwa hivyo, halas, bibi abaki nyumbani.

Siku nne za kwanza zilikuwa nzuri. Ya tano kidole kikasema tisini na moja. Ya sita, themanini na tisa, na mizani ikapanda kilo moja. Selipher akanifuata uani na daftari chini ya kitambaa chake cha kichwa. Kalamu alikuwa nayo mkononi, mstari wa siku hiyo mtupu.

"Shemeji, niandike nini?"

Sikuhitaji kuuliza anamaanisha nini. Nilimfikiria Maryann. Nikamfikiria Bonface, ambaye simjui lakini sauti yake inaniudhi. Nikafikiri, ni namba tu, bibi mwenyewe anacheka na kula, ataenda siku nane na kurudi.

"Andika tisini na tano," nikasema.

Akaandika. Nikitaka kujiosha naweza kusema hata nisingesema angeandika hivyo hivyo. Lakini aliniuliza, na mimi ndiye niliyejibu.

Mama kabiri alijua. Msimdhanie mzee kuwa hana macho. Alikuwa akiitazama ile namba nyekundu kidoleni mwake, kisha anamtazama Selipher anavyoandika nyingine, na hakusema neno ila siku moja tu aliposema, "Vizuri. Usimsumbue Nawaf." Alikuwa anaitaka theluji yake. Basi kila asubuhi wanawake wawili walikaa kwenye ukingo wa kitanda wakidanganya kwa pamoja, kila mmoja kwa haja yake, na siku ya kumi na nne daktari akapitisha kidole juu ya namba zile nzuri zilizonyooka na kutia sahihi. Visa zikatoka. Zablon akakata tiketi.

Ndege ilikuwa inaondokea Jeddah. Familia ingeruka kutoka Riyadh, lakini bibi alitaka kwenda kwa barabara siku tatu mapema, akae kwanza na binti yake anayeishi karibu na Balad. Nikapewa gari kubwa. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, mimi, mama kabiri na koti lake la zambarau, na Selipher aliyekuwa amekaa naye nyuma akiwa na chupa ya chai na mfuko wa dawa.

Jangwa lilikwenda vizuri. Bibi alisinzia, akaamka, akanilaumu kwa mwendo wangu, akala tende. Kwa wasioijua njia hiyo, karibu na mwisho inapanda. Unafika Taif, mji wa juu mlimani ambako watu wa Jeddah na Makka hukimbilia joto likizidi, kisha ndipo unateremka kuelekea baharini. Tulipokuwa tunaukaribia Taif nilisikia pumzi yake. Ilikuwa fupi, na kila moja ilikuja na sauti. Nikatazama kwenye kioo. Midomo ya mama kabiri ilikuwa na rangi ambayo midomo haipaswi kuwa nayo.

"Simamisha!" Selipher akapiga kelele.

Nikasimamisha kando ya barabara. Alimkalisha wima, akamfungua vifungo vya koti, akambana kidole. Kidude kikafikiri kwa muda. Sabini na sita. Akakitoa, akakipangusa kwenye gauni lake, akakibana kidole kingine. Sabini na tano.

"Tumpeleke hospitali hapa Taif," nikasema.

"Mafi hospitali, hakuna," mama kabiri akasema, kila neno likitoka peke yake. "Ni mlima tu. Teremka. Teremka, Protus."

Nikateremka. Sijawahi kuendesha vibaya namna hiyo, na zile kona za kuteremkia hazisamehi. Selipher alimshika kwa mikono yote miwili, huku akisema Yesu, Yesu, Yesu kwa sauti ambayo nadhani hakujua inatoka. Kadiri tulivyoshuka ndivyo pumzi ilivyorudi. Chini kabisa, joto la pwani lilipotupiga usoni, kidole kilisema themanini na nane, na bibi akaomba chai.

Hapo ndipo Selipher aliponiuliza kwa Kiswahili, polepole, macho yake yakiwa dirishani, "Ile nyumba ya wageni iko juu kuliko Taif, ama?"

Yeye ndiye aliyeandikiana na mwenye nyumba. Alikuwa anajua jibu.

"Iko juu zaidi," nikasema.

Siku tatu za Jeddah sikuzipenda hata kidogo. Siku ya pili bibi alitaka kupelekwa Balad kuiona nyumba ya baba yake. Ni ghorofa la mawe ya matumbawe, madirisha yake ya mbao yamekarabatiwa vizuri, na chini sasa wanauza kahawa ya bei. Selipher akasukuma kiti, mimi nikatangulia kuwaondoa watu njiani. Bibi alituonyesha dirisha alilochungulia akiwa msichana. Alichangamka, akamsalimia kila mchuuzi, akatukana mpangilio mpya wa barabara. Selipher alikuwa amesimama nyuma ya kiti akimtazama utosi, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Mpita njia angedhani ni mjukuu aliyeguswa na habari za zamani.

"Nikinyamaza anakufa," akaniambia bibi alipokuwa akibishana na muuza ubani. "Nikisema, Maryann anaenda. Niambie shemeji. Wewe uliniambia niandike tisini na tano, sasa niambie na hili."

Nilimwambia amwombe Mungu. Naona aibu hata kuliandika.

Siku ya safari familia yote ilikuwa sebuleni kwa dada yake baba, mabegi yamejaa mlangoni, mimi nayabeba moja moja kushusha kwenye gari. Baba Nawaf alikuwa na furaha nyingi. Aliamua kugawa pasipoti pale pale, kila moja ikiwa na karatasi ya visa ndani yake, ili uwanjani kusiwe na vurugu. Aliita majina kwa sauti ya mwalimu anayerudisha mitihani, na watoto wakawa wanakimbia mbele kuchukua.

"Selipher!" akaita.

Akaenda, akapokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama na begi la bibi mkononi, na nilimwona akiifungua. Ilikuwa na picha yake ya miaka mitano iliyopita, nywele amesuka, mashavu yamejaa. Akaipapasa ile picha kwa kidole gumba. Alikuwa nayo. Ilikuwa yake, mkononi mwake, na gari liko chini. Moyoni nilikuwa nasema, funga mdomo, mama, funga mdomo uende.

Mama kabiri alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti na kofia tayari. Alivuta pumzi ile yenye sauti, akamwonyesha mlango kwa mkono. "Yalla, Selipher."

Selipher akasema, "Baba, daftari ni la uongo."

Baba hakuelewa. Alimwambia arudie. Selipher hakurudia. Alichukua kile kidude kwenye mfuko wa dawa, akapiga magoti, akambana mama kabiri kidole huku bibi akiuvuta mkono wake na kumwita mwehu. Namba ikatoka, baba akainama kuisoma. Themanini na tano, na hapo tuko usawa wa bahari. Akamweleza yote kwa Kiarabu chake cha jikoni. Alimweleza habari za mizani na kidole, na Taif, na midomo. Mimi hakunitaja. Madam Hanadi akashika kichwa. Mtoto mdogo akaanza kulia akiuliza kama theluji imeisha.

"Kwa nini?" baba akauliza. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Kwa nini ulinidanganya juu ya mama yangu?"

Nilingoja aseme. Ilikuwa nafasi yake. Angesema nina mtoto, nataka kwenda kwetu. Lakini alikuwa amepiga magoti mbele ya mtu ambaye yeye, Selipher, alikuwa karibu kumwulia mama, na nadhani aliona hana haki ya kuomba kitu.

"Nilitaka kwenda," akasema.

Uso wa baba ukalegea, akafanya kitu kilichonishangaza. Akacheka kidogo, kwa huzuni, machozi yakimlenga.

"Kwa ajili ya theluji?" akasema. "Miskina. Kwa ajili ya theluji tu?"

Selipher akainamisha kichwa. Baba akanyoosha mkono, na Selipher akamrudishia pasipoti.

Bibi alipelekwa hospitali adhuhuri ile ile. Walimtoa maji kwa siku nyingi, na daktari alimwambia baba kwa simu kwamba kule mlimani asingemaliza siku ya pili. Kwa simu, kwa sababu bibi mwenyewe alimfukuza mwanawe aende. Alisema tiketi zimekatwa, watoto wameahidiwa, na yeye hataki kutazamwa na watu wenye sura za matanga. Basi wakaenda. Kila siku baba alituma video. Watoto walikuwa wakiteleza, madam akaanguka kitako, paka wa yule mama akapita. "Mwonyesheni Selipher," aliandika kila mara, na binti yake bibi alimwonyesha. Mama kabiri naye alikuwa amemnunia Selipher kwa kumharibia safari, akakataa kusema naye siku tatu nzima, ila chakula hakukubali kulishwa na mtu mwingine.

Nilimpelekea Selipher nguo pale hospitalini. Nikamwambia amefanya vizuri, ameokoa roho ya mtu.

"Usiniambie nimefanya vizuri!" akanifokea hadi muuguzi akageuka. "Nimemlinda mama wa mtu nikamtupa mwanangu. Usirudie tena kuniambia hivyo, Protus." Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Tiketi ya Istanbul ikapita na siku yake. Zablon alipiga simu mara kumi, hakupokea. Mwishowe alimwandikia ndugu yake mstari mmoja kwamba imeshindikana, amsihi Bonface aongeze mwezi mmoja. Bonface akajibu kwamba alishaongeza miaka mitano.

Wakarudi mwisho wa Januari, pua zimebabuka kwa baridi, wamebeba asali na kofia za manyoya. Bibi alikuwa ametoka hospitali, tukawa wote pale kwa dada yake baba tukijiandaa kurudi Riyadh. Selipher alikuwa ameniambia asubuhi hiyo kwamba sasa atamwambia baba kila kitu, kuhusu Maryann na Bonface na siku zilizobaki. Alisema ameokoa mama yake, hawezi kumnyima. Alikuwa na siku tano. Alivaa gauni safi.

Baba akatuita sebuleni kabla Selipher hajafungua mdomo. Alinitaka mimi nisimame karibu nao, kwa sababu alilonalo ni kubwa na anataka Selipher alisikie kwa lugha ya kwao, mimi nitafsiri, lisipotee hata neno.

"Mwambie," baba akasema, mkono kifuani, "nimesafiri na kurudi nikimfikiria yeye. Mtu mwingine angenyamaza mama yangu afe. Yeye alikosa safari aliyoililia ili mama aishi. Mtu kama huyo haachiliwi. Mwambie yeye si hadama tena, si mtumishi, ni binti wa nyumba hii."

Nikamwambia. Macho ya Selipher yakang'aa, akavuta pumzi ya kuanza kusema yake.

Baba akainua kiganja kumwashiria angoje. Akatoa simu, akamgeuzia kioo chake. Ilikuwa ikama yake, kibali cha kuishi nchini, yenye picha na tarehe mpya.

"Nimemsainia mkataba mpya, na ikama nimeilipia yote leo asubuhi. Miaka miwili mbele, asiwe na wasiwasi wa karatasi. Na mwambie mwaka ujao, inshallah, tutatafuta mahali pa chini pasipomdhuru mama, na theluji ataiona. Naapa ataiona."

Ningeweza kusema. Kiarabu ninacho cha kutosha. Ningemwambia, baba, si theluji, ni mtoto wake, bado siku tano. Lakini ruhusa yangu ya kwenda likizo mwezi wa tatu ilikuwa kwenye simu ile ile, baba hajaibonyeza kuikubali, na nilisikia ulimi wangu ukitafsiri neno kwa neno kama nilivyoagizwa. Miaka miwili. Mwaka ujao. Theluji.

Selipher akakaa chini sakafuni. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakaanza kutikisika.

Baba Nawaf akamtazama, kisha akanigeukia, naye ana machozi.

"Amefurahi?" akaniuliza.

"Naam, baba," nikasema. "Amefurahi sana."